Sura ya Tano: Petroli ya Kapteni

Saa mbili asubuhi Bi Pua alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gereji, nusu ya mwili wake chini ya gari jekundu la milango miwili, akikinga chupa ya kioo huku petroli ikichirizika kutoka kwenye tangi.

"Basi, imetosha," alisema fundi, aliyekuwa amechuchumaa kando na tochi. "Unachukua sampuli au unakama ng'ombe?"

"Nyamaza wewe, mulika."

Akajivuta nje, akajifuta mikono, akainua chupa mbele ya dirisha. Kisha akainusa. Fundi akanyamaza kweli.

Kazini, kwenye kitengo cha malalamiko cha kampuni ya mafuta, walimwita Bi Pua, na hawakuwa na ubaya. Pua yenyewe ilikuwa ndogo tu. Lakini inasimuliwa, na wasimulizi ni watu watatu wasiofahamiana, kwamba siku moja akiwa ndani ya basi lililofungwa madirisha yote alimwamuru dereva asimame, maana lori la mbele lilikuwa limebeba petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Msimulizi wa kwanza alisema lori lilikuwa mbele kwa mita hamsini. Wa pili akasema mia mbili. Wa tatu, ambaye ndiye wa kuaminika, alisema lori lilikuwa bado halijapakia.

"Ya kawaida," Bi Pua alitangaza.

"Una hakika?"

"Pua ina hakika. Ila pua haitii sahihi." Akatoa kipimo mkobani, kidude cha ukubwa wa redio ya mfukoni, akamimina petroli kidogo ndani yake. Wakangoja. Kioo kikaandika 91.

Wote wawili wakageuka kutazama kifuniko cha tangi. Ndani yake kulikuwa na kibandiko kilichofifia lakini kinachosomeka: OKTENI 98 TU.

Fundi akamwonyesha plagi aliyoing'oa. Kaure yake nyeupe ilikuwa imepasuka. "Hii injini ina turbo. Inabana petroli na hewa kama mtu anayefunga sanduku la safari kwa kulikalia. Premiamu, hiyo ya 98, inavumilia kubanwa vile. Ya kawaida haivumilii, inalipuka kabla plagi haijatoa cheche. Ndiyo maana gari inagonga, ko-ko-ko. Ikiendelea hivi mwezi mwingine, pistoni inatoboka."

"Na ulimwambia Kapteni?"

"Ijumaa iliyopita. Nilimwambia, mzee, hapa hapana premiamu. Sikujua ningewasha moto."

Moto ulikuwa umewaka sawasawa. Kapteni, rubani aliyestaafu, mwenye gari lile tangu lilipokuwa jipya, alichukua teksi Jumamosi mpaka kituo cha mafuta, peke yake, akasimama mbele ya foleni ya magari tisa na kumwita mhudumu wa pampu namba tatu mwizi. Baadaye akaandikia kampuni barua ya kurasa nne. Mhudumu huyo, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, alikuwa ameishika pampu ile miaka kumi na moja. Barua yake ya kufukuzwa ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikingoja ripoti ya Bi Pua tu. Faili lilikuwa lifungwe saa saba mchana, siku hiyo hiyo.

"Usiirudishe hiyo gari kabla sijarudi," Bi Pua alisema. "Weka plagi mpya. Nataka kuisikia ikigonga."

*

Kituoni alianza na tangi la chini ya ardhi. Lori likikosea likamwaga petroli ya kawaida kwenye tangi la premiamu, mhudumu hana kosa, na Bi Pua angekwenda nyumbani mapema. Akashusha kichotea chake kirefu, akapandisha, akapima. 98. Akapima tena kwenye bomba la premiamu la pampu namba tatu. 98.

"Nilikwambia," alisema meneja, mtu mwenye tai iliyokomea juu ya kitovu. "Tangi letu safi. Ni yule mama. Anatoza premiamu, anatia ya kawaida, tofauti inaingia mfukoni."

"Nionyeshe karatasi za pampu. Jumamosi za miezi miwili."

Meneja akazitafuta kwa uvivu, akazitoa kwa uvivu, kisha macho yakamtoka. Jumamosi nane, saa tatu asubuhi, pampu namba tatu, lita thelathini na kitu: kawaida. Zote nane zimeandikwa kawaida na kutozwa kwa bei ya kawaida.

"Hebu nifundishe, bosi," Bi Pua alisema. "Ni mwizi gani huyu anayemwandikia mtu risiti ya haki?"

"Bado alimpa mteja kitu asichokiomba."

"Hilo ni kweli. Niitie."

Mama Pacha aliingia kwenye kiofisi akiwa bado ameshika kitambaa cha kufutia vioo. Mwanamke mrefu, mabega mapana, macho yasiyokwepa.

"Kaa, mama."

"Nimezoea kusimama."

"Kapteni anasema aliomba premiamu, ukamtilia ya kawaida."

"Nilikosea."

"Karatasi zinasema Jumamosi nane mfululizo."

"Nilikosea mara nane."

"Katika miaka kumi na moja umekosea mara ngapi jumla?"

Mama Pacha akatazama dari, akahesabu. "Hizo nane."

"Zote kwa gari moja?"

"Mimi nikikosea, dada, nakosea kwa mpangilio."

Bi Pua alijikuna shavu ili asicheke. "Hukuchukua hata senti. Risiti zinakutetea. Kwa nini hukumwambia meneja?"

"Kwa sababu ningemwambia, angeniuliza swali linalofuata."

"Swali gani?"

"Hilo lililo mdomoni mwako sasa hivi."

"Basi naliuliza. Kwa nini?"

Mama Pacha akakunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Pacha wangu wanamaliza shule mwaka huu. Kazi hii naihitaji kuliko unavyofikiri. Ukiona mtu wa namna yangu amefunga mdomo, ujue hakufunga kwa ukaidi. Kuna mtu nilimwahidi. Niruhusu, kuna gari linasubiri."

Akaondoka. Bi Pua akaandika kwenye daftari: *Amemwahidi nani?* Kisha akamgeukia meneja.

"Kamera."

Kamera ya pampu namba tatu ilikuwa imefungwa na mtu aliyependa nguzo. Nguzo ilichukua nusu ya picha, ikafunika upande wote wa abiria. Lakini upande wa dereva ulionekana vizuri. Jumamosi ya kwanza: gari jekundu linaingia polepole kama linaingia sebuleni kwa watu. Kapteni anashuka, kofia kichwani, mgongo umenyooka. Anasema neno na Mama Pacha. Anakwenda dukani. Anarudi na pakiti ya peremende. Jumamosi ya pili: peremende. Ya tatu: peremende.

"Huyu mzee anapenda peremende," meneja alisema.

"Au kuna mtu anayependa asiwepo hapo petroli inapotiwa. Rudisha nyuma kidogo. Hapo anapofika kwenye ngazi ya duka."

Kapteni alifika kwenye ngazi. Akasimama. Akatanguliza ncha ya kiatu, akaigusa ngazi kama mtu anayepima maji ya kuoga, ndipo akapanda. Bi Pua aliirudisha mara nne.

"Mwendo wa madaha," meneja alisema. "Marubani ndivyo walivyo."

Bi Pua akaandika: *Ncha ya kiatu.*

*

Aliporudi gereji aliwakuta Kapteni na mkewe wamekuja kuchukua gari. Mkewe, ambaye Kapteni alimwita Bibie na gereji nzima ikafuata, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mkoba mkubwa kiasi kwamba ungedhani amehama nao.

"Shikamoo, Kapteni. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Kapteni. "Wewe ndiye uliyetumwa? Vizuri. Umemkamata?"

"Bado nasikiliza. Nataka kuisikia gari ikigonga barabarani. Mnaweza kunipandisha mpaka nyumbani kwenu?"

Uso wa Kapteni ulichangamka. Wa Bibie haukuchangamka.

"Kule nyuma hapakai mtu," Bibie alisema haraka. "Panakaa mwavuli."

"Nitakaa kama mwavuli, mama."

Na kweli alikaa kama mwavuli, amekunjwa, magoti karibu na masikio. Kapteni akawasha injini, ikanguruma kwa raha, wakatoka. Bi Pua akatega sikio, akingoja ile ko-ko-ko. Alichosikia kwanza ni Bibie.

"Loo, ule ukuta wa kona ya kulia wameupaka rangi, hebu ona ulivyopendeza."

Kapteni akakata kulia.

"Na ile taa ya mbele leo ni nyekundu kweli kweli. Sijui wamebadilisha balbu."

Kapteni akakanyaga breki.

"Haya, sasa imekuwa ya kijani. Mimi kijani nimekipenda tangu utotoni. Eh, yule mama mwenye gauni la madoa anavuka taratibu, maskini, labda mguu unamsumbua."

Kapteni akapunguza mwendo. Mama wa madoa akavuka.

"Mkeo ni msimulizi," Bi Pua alisema kutoka kwenye mikunjo yake.

"Hachoki," Kapteni alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisifia mali. "Miezi yote hii, mpaka mitaro ananisimulia."

Wakafika kwenye mlima. Kapteni akakanyaga mafuta, na injini ikaanza: ko-ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango akiwa na haja. Bi Pua akaandika saa na mahali. Alipoinua kichwa, Bibie alikuwa ameziba pua kwa leso, macho yamefumbwa, kifua kimejaa.

Bibie akapiga chafya. Moja, mbili, tatu mfululizo.

Katika muda wa hizo chafya tatu hakuna mtu aliyezungumza, na katika muda huo huo gari liliacha upande wake taratibu, kwa utulivu kabisa, likielekea kwenye mkokoteni uliokuwa umepakiwa magodoro.

"Kushoto, Kapteni!" Bibie alipiga kelele. "Kushoto pana... pana hewa nzuri!"

Gari likarudi kushoto. Msukuma mkokoteni akatukana kwa ufundi mkubwa. Kapteni akapunga mkono kwa adabu, akidhani amesalimiwa.

Bi Pua alifunga daftari. Yule mama hakuwa akipiga soga. Alikuwa akiendesha gari kwa mdomo.

"Kapteni," alisema, "naomba usimame hapo mbele. Nimeisikia kutoka nyuma. Sasa kitaalamu inabidi niisikie nikiwa kwenye usukani."

"Kitaalamu?"

"Kanuni ya kampuni."

Hakukuwa na kanuni kama hiyo duniani. Kapteni akashuka, akazunguka gari kwa kulishika boneti njia nzima, akakaa pembeni. Bibie akahamia kwenye sehemu ya mwavuli bila kulalamika. Njia iliyobaki hakusimulia chochote. Kwenye kioo Bi Pua alimwona akiuma leso.

*

Nyumbani Kapteni alibaki uani akilipangusa gari. Alilipangusa kwa kiganja kwanza, kisha kwa kitambaa, akiufuata mwili wake wote kwa vidole. Jikoni Bibie alimimina chai vikombe viwili na kusahau kukaa.

"Ni mtoto wa jicho," alisema kabla hajaulizwa. "Macho yote mawili. Daktari amesema ni upasuaji wa nusu saa. Hataki. Amerusha ndege katikati ya radi huyo, lakini ukitaja kisu na jicho, anakwenda kulala."

"Tangu lini?"

"Miezi minane. Nilificha ufunguo, akaupata. Nilimwambia tuuze gari, hakula siku mbili. Sasa ningefanya nini, mwanangu? Nimchukulie usukani kwa nguvu, mtu ambaye kila kitu kingine kimeshachukuliwa? Ndege wamechukua, nywele zimekwenda, marafiki wanazikwa." Akavuta kiti mwishowe. "Nikaona kama hataacha kuendesha, basi angalau aende polepole. Nikamfuata Mama Pacha."

"Ukamwambia atie ya kawaida."

"Nilidhani ile premiamu ndiyo inayoipandisha gari kichaa. Si wanaiita ya magari ya mbio? Nikasema nimpunguzie. Kama mtu mwenye presha, unampunguzia chumvi bila kumwambia, anakula tu. Kila Jumamosi namtuma Kapteni dukani peremende, mimi nalipa, risiti naweka humu." Akaupiga mkoba. "Peremende zenyewe sizipendi. Ninazo pakiti nane."

Bi Pua akasogeza kikombe kando. "Mama, premiamu haiongezi mbio. Kazi yake ni kuvumilia kubanwa tu. Ukiipa gari ile ya kawaida, inakwenda karibu mbio zile zile. Ila inakwenda kwa maumivu."

Bibie akaweka mkono mdomoni. "Kwa hiyo nilikuwa naitesa gari bure?"

"Bure kabisa."

"Na yeye hakupunguza hata kidogo?"

"Aliyempunguza ni wewe, kwa kumsimulia."

Wakasikiliza kitambaa kikisugua bati huko nje.

"Mama Pacha alikataa mwanzo," Bibie alisema. "Alisema mteja hadanganywi. Halafu Jumamosi ile ile gurudumu likapita karibu na kiatu chake, hivi," akaonyesha upana wa kidole, "na Kapteni akamwambia, binti, mbona leo umesimama mbali? Ndipo akakubali. Nikamwapisha asimwambie mtu. Jumamosi iliyopita mimi nilikuwa kwa dada yangu, ningekuwepo yasingetokea. Lakini watamkaripia tu, siyo? Nitampelekea zawadi, nitamwomba radhi."

"Barua ya kumfukuza imechapwa, mama. Saa saba naweka sahihi au siweki. Hajasema neno. Meneja kamuuliza, mimi nimemuuliza. Jibu lake ni kwamba alikosea."

Bibie akainua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Naweza kuandika bila kumtaja Kapteni," Bi Pua aliendelea, kwa upole. "Naweza kuandika kwamba mlipaji aliagiza ya kawaida, na risiti unazo wewe. Kazi yake itapona. Lakini ripoti inatumwa kwa mlalamikaji. Ataisoma."

"Hawezi kuisoma," Bibie alisema. "Mimi ndiye ninayemsomea. Hata ile barua ya kurasa nne nimeiandika mimi, yeye akitamka. Kila alipotamka mwizi, nikaandika mtuhumiwa." Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Ningeweza kumsomea chochote."

"Ungeweza."

"Na yule mwanamke angebaki mwizi kwake mpaka siku ya kufa."

"Ndiyo."

Bibie alisimama, akafuta uso kwa leso ile ile ya chafya, akachukua mkoba wake. "Njoo. Ukiwa karibu sitapata nafasi ya kubadili mawazo."

*

Kapteni alikuwa amefika kwenye taa za nyuma.

"Kapteni," Bibie alisema, "ni mimi."

"Najua ni wewe. Nasikia mkoba."

"Petroli. Ni mimi niliyesema itiwe ya kawaida. Yule mama wa pampu alinitii mimi."

Kitambaa kikasimama. Bi Pua alisogea kando ya tangi la maji, akajifanya anasoma maandishi yake.

"Kwa nini?" Kapteni aliuliza.

"Nilitaka uende polepole. Huoni, mume wangu. Nimejifanya sijui, lakini huoni. Mwezi wa pili ulimwomba radhi mlingoti wa taa."

"Ulikuwa umesimama vibaya."

"Kapteni."

Mzee akakaa kwenye bampa ya nyuma, polepole, kofia ikashuka machoni. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Bi Pua alimaliza kusoma maandishi yote ya tangi, pamoja na namba ya simu ya kiwanda.

"Unafikiri sikujua?" Kapteni alisema mwishowe. "Mwanamke niliyemwoa alikuwa akikaa ndani ya gari kimya, anatazama nje, unamsemesha mara tatu ndipo anajibu. Ghafla miezi minane ananieleza kuta, balbu, magauni ya watu. Nani asingejua?"

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Sikuwahi kukusikia ukizungumza kiasi hicho. Miaka thelathini na saba, Bibie." Akageuza kofia mikononi. "Nilijua siku nitakayoacha usukani, tutarudi ndani, wewe jikoni, mimi sebuleni, redio katikati. Nikasema acha kwanza niendeshe kidogo. Nimsikie kidogo."

"Tungeua mtu, mzee wangu."

"Najua. Leo pale kwenye magodoro, nilijua." Mkono wake ukatafuta, ukaupata wa mkewe. "Nitakwenda kwa huyo daktari. Utakaa karibu?"

"Nitakaa."

"Na utasema?"

"Nitasema mpaka uombe wakupe dawa ya usingizi."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mkewe na kukikunja kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama, akavaa kofia, sauti ikarudi ile ya kuamrisha ndege.

"Wewe mpelelezi! Una gari?"

"Pikapu ya kampuni, Kapteni."

"Nipeleke kwenye pampu. Nilimwita mtu mwizi mbele ya magari tisa. Nataka magari tisa."

*

Saa sita na dakika arobaini Bi Pua aliweka risiti nane juu ya meza ya meneja, akaandika ripoti kwa mkono, akatia sahihi. *Petroli ilitiwa kwa maagizo ya mlipaji. Mhudumu hana hatia.* Meneja akaisoma mara mbili, akachukua barua aliyoichapa na kuichana, kisha akachana na vipande.

Nje jua lilikuwa la kichwani. Kapteni alisimama karibu na pampu namba tatu, mkewe kando yake, wakihesabu.

"Ngapi sasa?"

"Sita," Bibie alisema.

"Tusubiri."

Madereva wa mbele walihudumiwa, wakaambiwa na Bi Pua wabaki kidogo kwa ajili ya shughuli ya kampuni. Wa nyuma wakaanza kupiga honi. Mmoja akauliza kama kuna msiba.

"Nane. Tisa, Kapteni. Wa tisa ni lori."

"Lori ni gari. Niache sasa. Nisimame mwenyewe."

Bibie akarudi nyuma, akasimama na Bi Pua. Kapteni akavua kofia. Honi zilikuwa zikilia pande zote, na mwanga wa saa saba ukirudi kwenye sakafu ya saruji ulikuwa mkali hata kwa mtu mwenye macho mazima. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akatafuta rangi nyekundu ya ovaroli ya Mama Pacha. Pampu za kituo kile nazo zilikuwa nyekundu, za kimo cha mtu. Akaipata moja. Akajinyoosha mbele yake, kofia kifuani.

"Mama," Kapteni aliiambia pampu, kwa sauti iliyozima honi tatu, "Jumamosi nilisimama hapa nikakuita mwizi."

Kwenye foleni mtu mmoja alifungua mdomo acheke. Bibie akainua mguu kukimbilia, na Bi Pua akamshika kiwiko.

Mama Pacha alikuwa upande wa pili, hatua tatu tu, bomba bado mkononi. Alilitundika bila kuligonga. Kisha akapita kwa viatu vyake vya mpira, taratibu, hata kokoto haikulia, akajipenyeza kati ya Kapteni na pampu, akasimama pale, mikono imeshuka, uso umeinuliwa sawa na uso wake.

"Endelea, baba," alisema. "Nipo hapa."